Sauti Isiyoitikia Marahaba

Jumanne, kwenye benchi la dirisha la dawa hospitalini Lushoto, nilikaa jirani na wakulima wawili kutoka Shume, marafiki, wakilalamikia wadudu wa kabichi. Mmoja alikuwa akigeuzageuza pakiti ya vidonge.

"Daktari kasema kemikali za ubongo zimevurugika, ndiyo maana namsikia marehemu mama akiniita shambani. Nikimeza hivi, atanyamaza."

"Basi meza."

"Nimnyamazishe mama yangu?"

Mwenzake akakuna kidevu. "Akikuita, unamwamkia?"

"Naanzaje kuacha? Shikamoo kila mara."

"Naye anaitikia marahaba?"

Jamaa akafikiri mpaka pakiti ikatulia mkononi. "Hapana. Ananiita tu."

"Mama yako yule? Aliyekuwa akiitikia hata shikamoo ya mlevi kutoka ng'ambo ya bonde?"

Jamaa akabandua kidonge, akaomba maji, akameza. "Hivi kabichi zako umeshazipiga dawa?"

Daktari alieleza vizuri, sina ugomvi naye. Ila tangu siku hiyo, watoto wa jirani wakiniamkia, naitikia kwa sauti ya jukwaani, wasije wakadhani mimi ni kemikali tu.