Miche ya Mdachi na Mke Mwenzangu

Mdachi wa boma la Mpwapwa alileta kutoka kwao miche ya aina mbili, vichaka vinavyozaa matunda madogo ya buluu. Alitaka kujua ni aina ipi itakayoivumilia nchi yetu. Mume wangu, mtunza bustani wake, akaigawa kama sisi Wagogo tunavyogawa mashamba, kila mke na lake. Mimi mke mkubwa nikapewa mifupi, mke mdogo akapewa mirefu.

“Ambaye miche yake itapona,” akatuambia, “atabaki nami hapa bomani. Mwingine atarudi kwa baba yangu akatunze ng'ombe.”

Kwa baba mkwe kulikuwa mbali. Mwanamke akishapelekwa huko, mume humwona kwa nadra, kama mgeni.

Moyo wa mume wangu ulikuwa wapi, niliujua siku ileile. Mke mdogo alipewa palipokuwa zizi la zamani, udongo mweusi kwa samadi, ambao kwetu watu huugombania. Mimi nikatupwa kwenye kichanga chini ya migunga, majani makavu yamelaliana. Nilipouliza akasema, “Wewe mzoefu, utaweza.” Mzoefu! Nilitamani nimtupie jembe.

Kila jioni mume wangu alipita mlangoni pangu na kikapu cha samadi begani, hageuki, anakwenda kwa mke mdogo. Akamtilia na majivu kuzunguka mashina ili mchwa wasile. Majivu hata mimi nilikuwa nayo jikoni, tele, lakini sikuyagusa. Kama mkono wake hautayatia, basi na yabaki mekoni. Maji nilijichotea mwenyewe kwenye mchanga wa korongo, huku nikisikia kicheko chao ng'ambo ya ua. Alimchekea nini? Mimi hakuwa akinichekea hivyo hata tulipokuwa wapya.

Kisha majani ya mke mdogo yakaanza kuwa manjano. Akaongeza samadi. Yakaungua kingo, naye akaongeza tena, na mume akamletea nyingine. Nilichungulia kwenye nafasi za ua wa miiba nikafurahi, sioni haya kusema. Siku ile nilisonga ugali nikiimba.

Mdachi alipokuja alichota udongo wa zizi, akaunusa, akafoka. Kumbe miche ile haitaki samadi wala majivu. Inataka majani yaliyooza na kichanga, vile vile nilivyotupiwa mimi. Yangu ilikuwa hai, imedumaa lakini hai, na matunda ya kwanza yameshaiva. Akaonja moja, akakunja uso, akasema aina hii itunzwe msimu mwingine. Nikabaki bomani.

Mke mdogo alifunga mzigo wake. Akaja kuniaga. “Dada, mimi nakwenda. Uniangalizie bwana.”

“Nenda salama,” nikamjibu. Nilikuwa naomba mvua imkute njiani.

Mume akamsindikiza, akisema atageuza mara moja. Mdachi naye alikuwa safarini Kilimatinde, hakuna wa kumwita. Mwezi ukaandama ukaisha, sikumwona. Usiku nilikaa ndani ya tembe, nyumba niliyoipata kwa ushindi wangu, nikisikiliza kila hatua ya mpita njia.

Alirudi mchana mmoja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa togwa, akanywa, akafuta mdomo.

“Yale matunda yamebaki?” akauliza.

“Yamebaki machache.”

“Nichumie, mama. Kesho nageuza nimpelekee mwenzio. Ana mimba, hali kitu, anatamani vitu vichachu tu.”

Nikaenda chini ya migunga. Hayakujaza kiganja. Nikayachuma yote, nikarudi nikasimama mbele yake. Akanyoosha mkono. Nikayatia yote kinywani mwangu, nikatafuna polepole huku nikimtazama usoni. Yalikuwa makali mpaka machozi yakanitoka, na nilishukuru kwamba angedhani ni ukali wa matunda.