Dafinka na deki yake hawatoki ukumbini

Jumamosi, saa nne asubuhi. Viti vya ukumbi wa ndoa vimejaa, na wageni waliochelewa wanabanana ukutani. Bibi harusi yuko nje ya mlango, anavutwavutwa shela na dada zake. Nyuma ya pazia la bluu, Dafinka Lalova ameweka kidole kwenye kitufe cha deki ya CD na kutega sikio.

Haoni kitu. Presha ya macho ilimaliza jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Anasubiri kusikia kisigino cha bibi harusi kikigonga sakafu ya mbao.

Ghafla mjomba wa bwana harusi, ambaye tayari ananukia rakia, pombe kali ya matunda, anaingiza kichwa nyuma ya pazia akiwa na CD yake mkononi.

"Mama, tia na hii. Ya kwetu hii, watu wacheze," anasema, na kabla hajajibiwa ameshabonyeza. Mdomo wa deki unafunguka.

Dafinka anamshika kifundo cha mkono na kuusogeza mkono wake pembeni, taratibu, kama mtu anayeondoa kikombe mezani.

"Umenifutia kila kitu, baba. Hii ukiifungua tu, inasahau mpango wote. Sasa kaa hapo, na usiguse hata pazia."

Anakohoa mara mbili. Kule mbele, msajili wa ndoa, Veneta Peeva, anakijua kikohozi hicho. Anaanza kuwaomba wageni wazime simu, kisha wasogee, kisha wazime tena zile simu walizozima.

Vidole vya Dafinka havina haraka. Anafunga mdomo wa deki, anabonyeza kitufe cha kupanga, anaruka mpaka wimbo wa saba, anabonyeza tena. Halafu wa pili. Wa kumi na moja. Wa nne. Ni wimbo wa kuingilia, wa pete, wa kutia sahihi na wa shampeni, kwa mfuatano walioutaka maharusi wenyewe. Anakohoa mara moja. Mlango unafunguliwa, na muziki unaanza pamoja na hatua ya kwanza ya bibi harusi.

"Bado wa kwangu," mjomba ananong'ona.

"Wa kwako utauimba mwenyewe, nje."

Katika mji huu mdogo ulio kando ya Danube, upande wa Bulgaria, ni vigumu kumpata mtu mwenye ndoa ambaye Dafinka hakumpigia muziki. Alianza na sahani za santuri, akaja kwenye kaseti, kisha manispaa ikanunua deki ya CD. Macho yalipoanza kufifia, mumewe Tsanko, fundi wa boila aliyestaafu, alimbandikia alama. Kitufe cha kupanga kina tone la rangi ya kucha iliyokauka. Cha kusimamisha kwa muda kina kipande cha njiti ya kiberiti. Cha kufungua mdomo hakikuwekwa chochote, kwa sababu, anavyosema Tsanko, "hicho asikiguse mtu."

Mengine anayapata kwa masikio. Maharusi wanapokanyagana miguu kushindania nani atatawala nyumba, ukumbi hucheka, naye husimamisha wimbo kicheko kipite. Kalamu ikianza kukwaruza kwenye kitabu cha ndoa, anaurudisha.

Mwaka juzi, majira ya kuchipua, alikuja mkurugenzi mpya, Krum Tabakov, akiwa na kishikwambi chini ya kwapa. Alikiweka mezani, juu ya deki, na kumwambia Dafinka kwamba kuanzia sasa muziki wote umo humo.

Dafinka alikipapasa. Kilikuwa laini kila mahali, kama kigae cha bafuni.

"Vitufe viko wapi?"

"Havipo, shangazi. Unagusa tu picha."

"Picha ipi?"

Baada ya siku chache Tabakov alimwita ofisini na kumpa mambo mawili achague: akae mapokezi ajibu simu, au aende nyumbani apumzike, maana amefanya kazi vya kutosha.

"Nilimwambia mimi sijachoka," Dafinka anasimulia. "Macho ndiyo yaliyochoka, na muziki sikuwahi kuupiga kwa macho. Akasema, 'Shangazi, usilifanye jambo hili kuwa gumu.' Nikamjibu kwamba wapwa zangu ni wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifungia mlango."

Mlango ulifungwa kweli. Deki iliwekwa stoo, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mkurugenzi.

Jumamosi iliyofuata Dafinka alipanda basi akiwa na mkoba wa sokoni. Ndani mlikuwa na deki ndogo ya jikoni kwake, ile anayosikilizia huku akikaanga pilipili. Aliichomeka kwenye korido ya ukumbi, pale ambapo maharusi hulishwa mkate na asali. Walipotoka tu, akapiga horo, ngoma yao ya duara. Watu wakashikana mikono, mnyororo ukazunguka nguzo, na hakuna aliyekumbuka kuondoka.

Wiki iliyofuata soketi ya korido haikuwa na umeme. Dafinka alitia betri, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje.

"Nilimwambia, Dafinka, watu watakuona ombaomba," anakumbuka Tsanko. "Akaniambia, 'Basi niletee kiti kizuri, wamwone ombaomba mwenye kiti.'"

Alikaa pale kiangazi chote. Theluji ilipoanguka alivaa koti la mumewe na kukata ncha za glavu ili vidole vibaki na hisia. Tabakov alipita mbele yake kila Jumamosi. Mwanzoni alimsalimu, baadaye akawa anapitia mlango wa nyuma.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Veneta. Siku moja ya Februari, kishikwambi kilipiga tangazo la dawa ya kuua mende katikati ya kuvishana pete, bibi harusi akaangua kilio. Veneta alifunga kitabu cha ndoa, akakikumbatia, akawaambia wageni wamfuate. Ndoa ile ilifungwa kwenye ngazi, theluji ikiwaangukia, kwa muziki wa Dafinka.

"Sheria inasema ndoa ifungwe mbele ya msajili, na mimi nilikuwepo," Veneta anasema, akiwasha sigara. "Krum alinifokea hadi sauti ikamkauka. Nikamwambia kama anataka kusoma viapo na yeye, kitabu hiki hapa, achukue. Hakuchukua."

Baada ya hapo, kila aliyekuja kuandikisha ndoa aliuliza kama Dafinka atakuwepo, ndani au nje. Mwezi wa nne Tabakov mwenyewe alifungua stoo, akafuta vumbi kwenye deki kwa leso yake, na kuirudisha nyuma ya pazia. Hakuomba radhi. Alisema ni kwa muda tu, na kwamba mkataba utaangaliwa baadaye.

Baadaye hiyo haijafika. Kwenye karatasi za manispaa Dafinka bado ni mjibu simu, na analipwa kama mjibu simu. Amekataa kutia sahihi karatasi hizo.

"Watasema mkaidi. Ni kweli, mimi mkaidi," anasema, akifuta deki kwa pindo la sketi. "Ningekuwa mpole, sasa hivi ningekuwa nyumbani nikisikiliza majirani wakigombana."

Vuli ijayo anataka kwenda kwenye baraza la mji na kudai kwamba chombo chochote kitakachonunuliwa kwa ajili ya wafanyakazi kiwe na vitufe vya kushikika. Veneta ameahidi kumsindikiza. Tsanko ameahidi kubeba kiti.

Lakini kabla ya baraza kuna harusi ya Septemba. Dada yake Tabakov anaolewa, na bibi harusi huyo amekuja mwenyewe nyuma ya pazia kuchagua nyimbo.

"Nitampigia, na nitampigia vizuri. Bibi harusi hana kosa," anasema Dafinka. "Ila wakati wa mkate na asali ukoo mzima unasimama kwenye korido, na Krum atakuwa hapo hapo. Nitasimamisha wimbo, nitoke nyuma ya pazia, nimwulize mbele ya mama yake mkataba wangu uko wapi. Na sitaurudisha mpaka anijibu."