Tone Jekundu Kwenye Boksi

Nilipita gereji moja Geita, harufu ya oili ya gia boksi iliyoungua ikanirudisha nyumbani kwetu Kambarage.

Kila jioni baba alilaza boksi la sabuni lililokunjuliwa chini ya gari, na asubuhi mimi ndiye niliyelichungulia. Tone jekundu lilimaanisha vipaipu vinavyopeleka oili ya gia boksi kwenye rejeta ikapoe vinavuja, na baba hasafiri mpaka avifunge upya. Kazi hiyo hula siku nzima. Asubuhi ile tulikuwa tunakwenda Chato, bibi yuko hoi, anatuulizia. Nikaliona tone, jekundu kama juisi ya rozela. Nikaligeuza boksi.

"Vipi, ng'wana wane?"

"Kavu, baba."

Tulipoipita Buzwagi, gari likawa linanguruma tu, haliendi. Baba akaingia uvunguni, akatoka na vidole vyekundu. Aliniangalia, akavifuta polepole. Tulifika Chato kesho yake, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

Siku hizi boksi la chini ya gari langu nalilaza mwenyewe. Upande mmoja nimeuandika kwa kalamu nene: JUU.