Msalaba Niliopokezwa Ijumaa Kuu

Mlango uliotazamana na wangu, katika ghorofa tulilopanga St. James Town, huku ughaibuni, ulikuwa wa mzee mmoja na mkewe kutoka Uhispania. Nilipohamia pale na binti yangu, wao ndio waliotukaribisha, kwa sahani ya samaki na viazi. Mimi nilidhani Uhispania yote ni jua, mpira na watu wanaopigana na mafahali. Mama yule alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huko ni kusini," aliniambia. "Kwetu ni pembe ya kaskazini magharibi, juu ya Ureno. Mvua tupu. Mawe, ukungu, na bahari inayomeza mashua."

Alinieleza kwamba kwao wana lugha yao wenyewe, na kwamba enzi za yule jenerali aliyetawala kwa mkono wa chuma, mwalimu aliwachapa wakiizungumza shuleni. Nikamwambia kwamba mama yangu naye alivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kusema Kikamba darasani. Tangu siku hiyo akawa ananiita binti. Alinionyesha picha za maghala yao ya mahindi, yamesimama juu ya nguzo panya wasipande, kama ya kwetu, ila yao yalikuwa na msalaba juu ya paa.

"Kwa nini msalaba?"

"Kwetu msalaba uko kila mahali. Kwenye njia panda hasa." Akageuza picha haraka, tukaongea mengine.

Baridi ilipoingia, mzee akaanza kukonda. Alikuwa mtu wa mabega mapana, fundi wa mawe aliyestaafu, na sasa koti lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Uso wake ulipauka. Daktari alimpima damu mara kadhaa asione kitu. Siku moja tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, mimi na mkewe tukikunja mashuka, akanishika mkono.

"Kila asubuhi nakuta viatu vyake vimelowa," alisema. "Komeo limefunguliwa. Nikimuuliza, anasema amelala usiku kucha. Na hasemi uongo, hajui."

Ndipo aliponisimulia habari za msafara. Kwao, alisema, wafu wa parokia hutembea kwa safu, wamevaa sanda, kila mmoja na mshumaa. Lakini anayetangulia ni mtu aliye hai, kabeba msalaba. Asubuhi hakumbuki chochote. Hukonda tu, hupauka, mpaka afe au ampate mtu mwingine wa kumpokeza.

"Na ukikutana naye?"

"Humpi mkono. Unamwambia, 'Mimi tayari nina msalaba wangu.' Basi, anapita."

Nilimjibu kama tunavyowajibu ndugu za wagonjwa katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi: kwamba wazee wengine hutembea usingizini, na afunge mlango kwa ufunguo. Aliendelea kukunja mashuka.

Wiki ile ile, nikitoka zamu, nilimkuta mzee kwenye daraja lililo juu ya bonde, kumepambazuka, theluji ikianguka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imekunjwa kifuani kana kwamba amekumbatia kitu kirefu. Nilimwita. Macho yake yalinipita.

"Nimechoka," alisema. "Nikisimama, wananisukuma."

Nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, lakini palinuka nta, kama kanisani mishumaa inapozimwa. Nilimshika kiwiko, nikamrudisha kwa mkewe.

Ijumaa Kuu ilifika. Parokia yao ya Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini hufanya Njia ya Msalaba mitaani, na mama aliniomba niende nao, nimwangalie mzee. Msalaba ulikuwa wa mbao nzito, na waumini walipokezana kila kituo. Zamu ya mzee ilipofika, mkewe alimzuia. Mzee akamsukuma kando, akaubeba. Hakwenda mbali. Alianza kuyumba, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu naye.

"Chukua, binti. Tafadhali, chukua."

"Usiguse!" mkewe alipiga kelele. "Mwambie unao wako!"

Watu waligeuka. Nilimwona mzee anakwenda chini na gogo lile litamwangukia kifuani. Nikanyoosha mikono, nikaupokea.

Mzee alisimama wima. Jioni hiyo alikula mpaka akaongezwa. Kufikia Mei mashavu yake yalikuwa yamejaa, na mkewe alikuwa hawezi kunitazama usoni.

Mimi, sare ya kazi ilianza kunipwaya. Nililala nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Asubuhi moja, siku ya mapumziko, binti yangu alisimama mlangoni mwa chumba changu. Yeye Kiswahili hukisikia ila hujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alikitafuta neno kwa neno.

"Mama, ulienda wapi?"

"Sikwenda popote."

Akanionyesha miguu yangu. Ilikuwa na majani mabichi.

Mwezi Juni mtoto wao wa kiume alikuja kuwahamishia kwake Markham, nje ya jiji. Masanduku yakiwa tayari kwenye lifti, mama aligonga kwangu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe."

"Nikupe nini, mama? Sina kitu."

"Nyoosha mikono tu, useme chukua."

Nilifanya hivyo ili kumridhisha, kama mtu anavyomridhisha mkubwa wake anayesafiri. "Chukua," nilisema. Mikono yake ilishuka ghafla, kama imewekewa uzito, kisha akaenda zake bila kuaga.

Siku chache baadaye daktari aliyekuwa amenipima damu aliniita: ni tezi ya shingo, vidonge vingenifaa. Na kweli vilinifaa. Nilinenepa, nikalala vizuri, na nikajiambia kwamba dawa ni dawa.

Majani yalipoanza kupukutika, mtoto wao alinipigia simu. Mama hali chakula, alisema, na madaktari hawaoni kitu. Nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti, amejifunika shali, mdogo kama mtoto. Mzee, mwenye afya tele, alituletea machungwa aliyoyamenya mwenyewe, akarudi ndani akiimba.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. "Mama, nirudishie. Mimi ni kijana, na sasa nina dawa."

Alitikisa kichwa. "Una mtoto wa kulea," alisema. "Mimi sina wa kumpa, na simtafuti. Utaishia kwangu."

Nikainua mikono yangu kuelekea kwake. Akaingiza yake chini ya kwapa, akaibana kwa nguvu zote zilizombakia, na kutazama barabara mpaka nilipoondoka.