Kilichokuwa Chini ya Kifuniko cha Besi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ukumbini mchana wa jua kali nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, ambavyo vilinizidi, na suruali ya kwaya, ambayo ilinipungukia. Ukumbi ulikuwa Moshi mjini, si mbali na stesheni ya reli, na mwenye ukumbi ndiye aliyekuwa mwenye bendi na mwenye vyombo vyote. Kiongozi wa Bendi, mtu mfupi mwenye sauti ya mhubiri, hakunitazama usoni. Alinitazama vidole.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kirua Vunjo."

"Na umewahi kupiga nini?"

"Tarumbeta, kanisani. Sauti ya nne."

"Basi utapiga besi. Aliyekuwa anapiga ameoa Himo, na mkewe amemkataza kutoka."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ninyi mnaosikiliza muziki kwenye simu huenda hamlijui gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene ambalo watu hulisikia pale tu linaponyamaza. Kiongozi alinieleza kazi yangu kwa maneno machache. "Wa solo akikosea, watu watacheka. Wewe ukikosea, watu watakaa chini na hawatajua kwa nini. Mimi nitajua."

Besi niliyokabidhiwa ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na chini ya nyuzi palifungwa kijiti cha mbao cha kuegemezea vidole. Nyuzi zake zilikuwa bapa, yaani zilizoviringishwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo, kwa hiyo hazikukwaruza. Lakini fahari yake ilikuwa kifuniko. Daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa mkono wa kulia, lilifichwa chini ya kifuniko king'aavu chenye skrubu mbili. Ndani ya kifuniko kiwanda kilibandika kipande cha sponji kilichogusa nyuzi ili mlio usivutike bali ukatike: dum, dum, si duuuum.

"Kifuniko hiki," Kiongozi aliniambia, "ni kama kanzu ya mchungaji. Unaiheshimu, huiinui kuangalia kilichomo." Mimi mtoto wa mzee wa kanisa nilielewa mara moja. Sikukiinua kamwe. Nyuzi nazo hatukuzibadilisha. Uzi wa besi ulikaa mpaka ukatike, na wetu haukukatika.

Stoo ya ukumbi ilivuja, kwa hiyo Meneja wa Ukumbi, ambaye aliogopa mvua kuliko alivyoogopa wezi, aliniruhusu kuondoka na besi siku zisizo na dansi. Nyumbani sikuwa na spika. Lakini wapiga besi tulikuwa na mbinu yetu: unaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ubao, na ubao unakuwa spika. Nyumba yetu kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba, ilikuwa na ukuta mmoja wa mbao. Upande huu nilikaa mimi na besi. Upande wa pili alikaa ng'ombe wa mama yangu.

Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu, ambaye leo mnamwita Mama Neema, ndiye aliyepewa ng'ombe yule amtunze, na bibi arusi kwetu hupimwa kwa maziwa. Mama akaanza kulalamika kwamba maziwa yamepungua. Nikamwambia aangalie majani anayokula ng'ombe, asiusingizie muziki. Baada ya muda malalamiko yakaisha, nami nikajua ng'ombe ameelimika.

Msimu huohuo besi yangu ikaanza kusifiwa. Kwenye bugi, lile dansi la Jumapili mchana, watu walitoka mpaka Kibosho kuja kusikia mdundo mfupi, mkavu, wenye joto ndani yake. Wapiga besi wa bendi nyingine walisimama mbele ya jukwaa wakinitazama vidole. Nikavimba kichwa. Nilimwambia Kiongozi kwamba siri ni nyuzi kuzeeka na mpigaji kukomaa. Alinijibu, "Nyuzi nakubali."

Baadaye mwenye bendi alituhamishia Himo, kwenye ukumbi wa madereva wa malori, chini ya Mkuu wa Jukwaa ambaye alitaka kila wimbo upigwe kwa kasi kwa sababu wateja wake walikuwa na safari. Besi ikahimili. Kisha disko likaingia, mashine moja ikafanya kazi ya watu tisa bila kudai chakula, na mwenye bendi akauza vyombo vyote kwa mtu wa mbali. Nilifika nikakuta jukwaa tupu. Niliumia kama mtu aliyefiwa, na watu wakaniambia nipunguze, ni gitaa tu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye hoteli ya wapanda mlima. Meneja wa Burudani alinipa besi mpya, nyepesi, isiyo na kifuniko wala kijiti, yenye nyuzi zilizolia kama mtu anayekuna sufuria. "Hii ndiyo ya kisasa," alisema. Niliipiga kwa adabu mpaka nilipostaafu, lakini hatukupendana.

Baada ya kustaafu niligundua kwamba sikuwa peke yangu. Mzee Pauli wa Kibosho na Mzee Elia wa Himo, wote wapiga besi wa zamani waliokuwa wakinitazama vidole, walinitia kwenye kundi la simu la watu wanaongoja viwanda virudishe besi za maumbo ya kale. Mle ndani watu wazima wenye wajukuu hugombana kutwa. Mzee Pauli anasema uchawi wote ulikuwa kwenye nyuzi bapa. Mzee Elia anaapa ni kijiti cha kuegemezea vidole, na aliwahi kutoka kwenye kundi kwa hasira, kisha akaomba arudishwe kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilisimama na kifuniko na sponji yake.

Wenzangu walipenda ubishi. Mimi nilikuwa na haraka. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vimeanza kukakamaa, na kila baridi ya mlimani ikija vinapungua kidogo utii. Nilitaka kuisikia sauti ile mara moja tu, ikitoka mikononi mwangu, kabla mikono haijakataa kabisa. Sikuwa na ombi jingine.

Hatimaye habari ikaja: kiwanda kimetoa tena besi ya umbo la kale, na kifuniko, na sponji, na kijiti, na nyuzi bapa. Binti yangu Neema anafanya kazi ng'ambo, na Desemba, watu wetu wote wanapopanda mlima kurudi nyumbani, alishuka kwenye gari akiwa na sanduku refu kuliko yeye. Kesho yake wazee wawili walifika kabla hata sijanywa chai.

Nilichomeka waya kwenye spika, nikaketi, nikapiga.

Tukatazamana. Sauti ilikuwa nzuri. Haikuwa yenyewe.

"Mbee, jaribu tena," alisema Mzee Pauli, akiniita kwa heshima ya kwetu.

Nilijaribu mpaka vidole vikauma. Mzee Elia alilaumu spika, Mzee Pauli akailaumu hali ya hewa. Mimi nilihisi machozi ya hasira yakinipanda. Hapo Mama Neema, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akasema taratibu, "Hiyo haina ganda."

"Ganda gani?"

"La mgomba. Lile nililokuwekea."

Akaeleza huku akiendelea kumenya. Ng'ombe alikuwa akigoma kwa ule mtetemo wa ukutani, na mama mkwe alishaanza kusema kwamba kaletewa mkwe asiye na mkono wa kukamua. Siku moja nilipoenda kukata majani, alifungua skrubu mbili kwa ncha ya kisu cha ndizi, akakuta sponji imeoza na kuwa unga, akaitupa. Mahali pake akakunja ganda kavu la mgomba, akalivika kitambaa cha blanketi, akafunga. Mtetemo ukapungua. Ng'ombe akaachia maziwa.

"Umenificha miaka yote?"

"Hukuuliza. Ulisema ng'ombe ameelimika."

Wazee walicheka hadi Mzee Elia akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilisema maneno ambayo mwanamume mwenye akili hayasemi mbele ya wageni: kwamba amechezea chombo cha watu, kwamba amenifanya nisifiwe kwa takataka ya shambani. Mama Neema akaweka kisu chini.

"Sawa, meku, mzee wangu. Takataka imeisha. Kapige na sponji yako."

Na akakataa katakata kunitengenezea tena. Nilikata maganda mwenyewe nikakunja: ya kwanza yaliuzima mlio kabisa, ya pili yakasaga kama panya darini. Hakuna aliyejua unene, wala mkunjo, wala mahali pa kugusa nyuzi, ila yeye, naye alinisalimia kwa heshima zote na kunipakulia mtori bila kulitaja ganda. Sikukuu ikapita. Nilivitazama vidole vyangu nikaogopa.

Mwisho Mzee Pauli akasema lililokuwa wazi. "Hapa hakuna kiwanda kitakachotusaidia. Hapa ni isale."

Kwa wasio wa kwetu: isale ni mmea wa mipakani mwa kihamba, na ukimpelekea mtu jani lake kuomba msamaha, hawezi kukukatalia. Wazee wawili wakanitangulia mpaka uani, mimi nyuma yao na jani mkononi, sote na kofia zetu za kanisani.

"Mae, mama yetu," alianza Mzee Elia, "tumekuja kwa ajili ya mzee wako. Mdomo wake ulimkimbia."

Nikalitoa jani. "Nisamehe. Haikuwa takataka. Zile sifa ni zako."

Alilitazama jani, akanitazama mimi, akalipokea. "Sifa kaa nazo," alisema. "Nilitaka tu useme." Akaingia mgombani kutafuta ganda.

Vijana wengi huniuliza sasa kama maumbo ya kale yatarudi. Nawaambia yanarudi, kiwanda si kijinga, kinajua wazee tunavyopenda. Ila kila chombo cha zamani kilipita mikononi mwa watu, na kiwanda hakiwezi kutengeneza kile ambacho hakikujua kipo. Ulizeni nyumbani kwanza, na ulizeni kwa adabu.

Mama Neema alipokaza skrubu ya pili, niliketi nikapiga ule wimbo tuliokuwa tukifungulia bugi. Ikatoka. Fupi, kavu, yenye joto. Mzee Pauli alivua kofia. Nililia, na sioni haya kusema. Lakini nilipofika kipande cha pili vidole vikakwama na kichwa kikawa kitupu. Nilikuwa nimesahau kinachofuata. Wenzangu wasingeweza kunisaidia, kila mmoja alipiga bendi nyingine. 

Ndipo Mama Neema, mdomo ukiwa umefumbwa, akaanza kuivumisha ile besi puani: dum, dum-du, dum. Sauti kwa sauti, hata ile niliyokuwa nikiichelewesha kwa makusudi. Hakuwahi kukanyaga ukumbini hata siku moja. Aliisikia yote kupitia mbao, upande wa pili, akikamua.



"Endelea basi," alisema. "Ninapopapenda bado hujafika."