Mahindi ya Manjano Yamesingiziwa, na Ushahidi Wao ni Mimi

Mwenye ukurasa, nifichie jina na kambi pia usiitaje, maana nikisema tu nimezaliwa Kedowa na ninaendesha lori la majani chai, akina mama wa laini zote za nyumba za kambi watajua ni nani. Hata hiyo sentensi uifute.

Nina miaka thelathini na nne. Shule niliachia darasa la sita, lakini dunia nimeisoma mpaka mwisho. Nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Mombasa. Nimekula pweza, nimekula ngamia Garissa, nimekula kitu fulani Malaba ambacho mpaka leo sijaambiwa kilikuwa nini, na tumbo halijawahi kulalamika. Nimeoa, huu mwaka wa tatu. Mke wangu ni mrembo, hilo halihitaji ushauri wenu. Mtoto hatujapata.

Mwaka juzi, tukiwa maharusi wapya, mvua ilikataa na posho ya kambi ikabadilika. Badala ya mahindi meupe tukaletewa magunia ya mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na mpaka leo ndiyo yanakuja. Kabla lori halijamaliza kushusha, habari ilikuwa imefika Sotik: hicho ni chakula cha ng'ombe wa wazungu, kimetiwa dawa, mwanaume akikila hazai tena. Wanaume wazima, watu wa kuinua magunia kama mito ya kulalia, wakaogopa sahani! Mimi nikasonga ugali sufuria nzima, nikaketi nje ya mlango, nikala wakiniangalia.

"Leteni na yenu," nikawaambia. "Mwakani mtaniona na mapacha."

Mdomo wangu huo. Mwakani ulikuja, mapacha hawakuja, hata mmoja wao. Kambi nzima ikawa imepata ushahidi.

Hapo ushauri ukaanza. Mamangu alitoka nyumbani na thermos ya mizizi michungu, akaketi akinitazama mpaka nikamaliza. Nyapara, na huyo ni mtu mzuri sana, akanishika mkono: "Ndugu yangu, acha ugali wa kila rangi miezi mitatu. Kula viazi tu, damu ijisafishe." Mzee wa kanisa akasema nimeze mayai mabichi saba kila asubuhi, na nisiguse chumvi. Ya mamangu nilikunywa kwa sababu ni mamangu. Hao wengine niliwaambia tumbo langu si shamba la serikali, eti kila mtu aje alime kipande chake.

Mwezi uliopita nilienda hospitali ya mbali, peke yangu. Daktari akapima, kisha akaniuliza niliugua nini utotoni. Nikamwambia nikiwa na miaka kumi na tano nilishikwa na matumbwitumbwi, mashavu yakafura, na huko chini pia kukafura, wiki mbili sitembei. Akaweka kalamu chini.

"Basi ni hiyo," akasema. "Mahindi hayana kosa."

Nilicheka! Nikamshukuru, nikatoka nikijiambia nimewashinda wote. Nilikuwa nimeshafika stendi ndipo nikaelewa nimeshinda nini.

Nilimwambia mke wangu siku hiyo hiyo. Alilia kidogo, kisha akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Sikia, mzee," akasema. "Acha waseme ni mahindi. Mahindi hayaoni aibu. Wakijua ni wewe watakucheka, na ndugu zangu watakuja kunichukua."

"Na wewe unataka kwenda?"

"Ningetaka kwenda ningekuwa nimeenda kitambo. Ndiyo maana nakuambia unyamaze."

Na ningenyamaza, wallahi. Lakini jirani yetu Mama Moraa, mchuma chai aliyetoka upande wa Kisii, ana watoto watano. Posho yake yote anawamwagia kuku, na unga mweupe wa dukani hana pesa za kuununua. Juzi nilimkuta akiwapa watoto chai ya rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha mchana, na hiyo hiyo ndiyo ya jioni.

"Mama Moraa, wapikie tu," nikamwambia.

Akaniangalia kwa huruma. Mimi, nionewe huruma! "Shemeji, nina vijana watatu. Nataka wajukuu. Wewe mwenyewe si ujiangalie?"

Nilirudi nyumbani sina mzaha hata mmoja.

Sasa mwisho wa mwezi meneja anakuja, na wafanyakazi wanataka nisimame mbele yake, niwe ushahidi, magunia yarudishwe. Meneja alishasema meupe hayapatikani, kwa hivyo yakirudishwa ni njaa tu. Nyapara ameshanipangia hata maneno ya kusema.

Nitasimama. Hapo sitaki ushauri, na mtu asinitumie mizizi. Nitawaambia ni matumbwitumbwi, na atakayecheka acheke, bora watoto wake wawe wameshiba. Lakini mke wangu anajua nimekubali kunyamaza. Nyinyi maelfu mnaosoma ukurasa huu, wanawake hasa: nimwambie kwa maneno gani kabla ya siku hiyo, ili huyu aliyekataa kuniacha asione kwamba mimi ndiye nimemwacha? Niandikieni upesi. Maneno ya kuwaambia wengine ninayo tele. Ya kumwambia yeye ndiyo sina.