Marehemu Aliyedaiwa Kila Ijumaa

Kwetu Pemba, kabla jeneza halijainuliwa, mmoja wa jamaa husimama akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayeweza kusamehe asamehe. Siku tuliyomzika mzee mmoja wa Chokocho, aliyejibu alikuwa bosi wangu, mwenye karakana ya milango na madirisha pale Chake Chake. Alikuwa amemtengenezea mzee madirisha ya nyumba nzima, na nusu ya bei ilikuwa bado. "Nimemsamehe," alisema, "duniani na akhera." Tukaitikia amin, tukabeba jeneza.

Hakuna aliyerudi ofisini kuandika. Msamaha kwetu hauandikwi. Ukiuandika utadhaniwa unausubiri ulipwe. Mimi karani nilijua, bosi alijua, watu wa Chokocho walijua, na Mungu ndiye mjuzi zaidi. Ilitosha.

Ikaja kompyuta. Bosi aliuziwa programu ya kudai wateja, ikaletwa na mtaalamu kutoka Unguja, mtu wa manukato mengi na haraka nyingi zaidi. Kazi yangu ikawa kuhamisha madaftari yote: kila mteja, kazi aliyofanyiwa, bei, alicholipa, kilichobaki na namba ya simu. Nilipofika kwa mzee wa Chokocho, kwenye safu ya kilichobaki nikaandika "amesamehewa". Programu ikalitema jedwali zima. Safu ile ilitaka namba, haikutaka maneno. Nikaandika sifuri, ikajipigia hesabu yenyewe, bei toa kilicholipwa, na deni likarudi mahali pake kama mbuzi aliyezoea banda.

"Hapa pana kulipwa na kutolipwa tu," mtaalamu akaniambia. "Hayo ya kusamehe mtayamaliza wenyewe huko kwenu." Akapanda boti akaenda zake. Mimi nikabaki na programu yake.

Ijumaa ya kwanza programu ikatuma ujumbe kwa wadaiwa wote. Jumamosi asubuhi mjane wa yule mzee alikuwa mlangoni, na mkononi simu ya marehemu, ambayo wanawe walioko Maskati bado humpigia mama yao kwayo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hino."

Nikamsomea. Ndugu mteja, unakumbushwa kulipa deni lako. Juu yake lilikuwa jina la mumewe, kamili, hadi la babu.

"Si mulimsamehe mbele ya jeneza?" Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha. "Au roho yake yangali imefungwa, na mie nalala?"

Sote tulifundishwa chuoni, tukisoma Kurani, kwamba roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Alichokuwa akiniuliza ni kama mumewe anapumzika kaburini au hapumziki, na mimi nilikuwa karani wa madirisha.

Bosi akatoka, akasamehe tena mbele ya mafundi wake wote. Ijumaa iliyofuata ujumbe ukaja vilevile. Nikajaribu kumfuta mzee. Programu ikasema mteja mwenye deni hafutiki. Nikamwomba bosi niandike tu kuwa amelipa. Akakasirika. "Hakulipa. Nimemsamehe. Nikisema kalipa nimemsingizia maiti, na msamaha wangu nimeutia maji." Nikamwambia mjane basi nitaweka namba yangu, ujumbe uje kwangu. Akanitazama kwa huruma.

"Ukija kwako, ndo deni limekufa?"

Niliichukia ile kompyuta kuliko ninavyoweza kueleza. Mdai alijua ukweli, mjane alijua, mimi nilijua, na sote watatu tukashindwa na kisanduku cha mezani. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa nikiiwazia ile simu kule Chokocho ikilia.

Msimu wa karafuu ulipokwisha mjane alikuja tena, safari hii na fedha ndani ya kitambaa. Bosi alipoziona akageuka, akaenda kusimama kwenye mashine ya kukatia vyuma. "Mwambie akazitoe sadaka," alisema bila kututazama.

"Sadaka n'tatoa nyengine," mjane akaniambia. "Hizi za kumlaza yeye. Pokea, mwanangu."

Nilimtazama bosi. Alikuwa bado ametupa mgongo. Nikazipokea, nikabonyeza palipoandikwa kulipwa, kwa aibu ambayo hata sijui ilikuwa ya nani. Simu ikalia mkononi mwake.

"Yasemaje?"

"Ndugu mteja, ahsante. Huna deni."

Akaniomba nirudie, safari hii na jina. Nikalisoma jina lote, la baba na la babu. Akafuta macho kwa ncha ya buibui.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mwambie mkubwa wako ahsante. Sasa ndo kamsamehe."

Bosi alikuwa palepale, hatua chache kutoka kwetu, na mashine ilikuwa haijawashwa.